Siku shamba lilipokunywa maji kuliko msitu: uchambuzi wa kisa cha fildi ya jiografia

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika shule moja ya sekondari ya bweni mkoani Morogoro. Jina la shule, la kijiji na la kijito nimeyaondoa, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyaficha. Nilikuwa mmoja wa walimu wawili wa jiografia walioongoza kazi hiyo, kwa hiyo makosa mengi utakayoyasoma hapa ni yangu.

Wanafunzi walikuwa 42 wa kidato cha tano, wengine CBG (kemia, biolojia, jiografia), wengine HGE (historia, jiografia, uchumi) na HGL (historia, jiografia, Kiingereza). Darasani walikuwa wameiva: wangekuchorea mzunguko wa maji wakiwa wamefumba macho. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa chini na saa mkononi akaangalia maji yakizama ardhini.

Tulichagua mteremko mmoja wa Milima ya Uluguru usio mbali na shule. Uluguru ni milima ya miamba mikongwe. Upande wake wa mashariki hupigwa na pepo zinazotoka Bahari ya Hindi na kupata mvua nyingi, na wa magharibi hubaki mkavu zaidi. Vijito vyake vingi huishia mto Ruvu, na Ruvu ndio Dar es Salaam inaounywa. Kila masika maji yakigeuka mekundu, lawama hupanda mlimani kumtafuta mkulima. Swali letu lilitoka hapo: je, shamba la mteremkoni hunywa maji polepole kuliko msitu, kiasi cha kuyaacha yatiririke juu na kubeba udongo?

Jibu tulilijua kabla ya kuondoka. Vitabu vyote vinasema ndiyo. Sasa naona kwamba tatizo la kwanza lilikuwa hilo.

Tulivyojipanga

Kazi zilikuwa tatu. Kupima kasi ya maji kupenya ardhini, shambani na msituni. Kupima mtiririko wa kijito juu na chini ya mashamba. Kisha kurudi na udongo maabara kujua unyevu wake na aina yake.

Pete za kupimia tulizipata kwa fundi wa kuchomelea. Alikata bati nene la pipa akatukunjia pete tatu, kila moja kipenyo cha sentimita 30 na kimo cha sentimita 25, akanoa ukingo wa chini. Unaipigilia ardhini, unamwaga maji ndani, unasimamisha rula, unaandika maji yameshuka kiasi gani kila baada ya dakika kadhaa. Eneo la pete ya kipenyo hicho ni sentimita za mraba 707, maana yake kila sentimita moja ya maji yanayoshuka ni takriban lita 0.7. Hesabu hiyo inachukua nusu dakika ubaoni, na ingetuambia tunahitaji madumu mangapi. Hatukuifanya.

Kwa ajili ya msitu tulitumia kijisitu cha miti ya asili nje ya mpaka wa hifadhi, kwa sababu kuingia hifadhini kunahitaji kibali na muda ulikuwa umetubana. Shamba tulipewa na mzee mmoja wa Kiluguru, kwa kupitia mwenyekiti wa kitongoji. Ratiba ikawa rahisi: siku ya kwanza shamba, siku ya pili msitu. Pete zilikuwa tatu tu, na sikuona sababu ya kuzigawa.

Sheria moja ya daftari la fildi niliisimamia kwa ukali: penseli, hakuna kufuta, ukikosea piga mstari mmoja uendelee. Kila kundi lilikuwa na daftari lake, na madaftari yote yanabaki kwangu jioni.

Siku ya kwanza: shambani

Ilikuwa mwanzoni mwa Machi, masika hayajaingia. Mzee alikuwa amelima siku mbili kabla, anasubiri mvua apande mahindi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wajukuu zangu. Mmekuja kupima nini?"

"Tunapima maji yanavyoingia ardhini, babu."

Alicheka kidogo, akakaa kwenye kivuli.

Pete ziliingia ardhini kama kisu kwenye papai bivu. Tulipandisha madumu mawili ya lita 20 kutoka kijitoni. Moja lilimponyoka kijana njiani, likafika nusu. Tulitandaza jani la mgomba ndani ya pete ili maji yasichimbue udongo, tukamwaga. Yalizama mbele ya macho yetu. Katika dakika kumi yalishuka wastani wa sentimita 11.2, yaani karibu lita nane kwa kila pete. Pete tatu zilimaliza takriban lita 24, na kilichobaki dumuni hakikutosha kitu. Binti mmoja aliuliza kama hatupaswi kuendelea mpaka kasi itulie, kama tulivyosoma. Nikamjibu kwamba dakika kumi zinatosha.

Hazikutosha. Udongo mkavu hunywa kwa pupa mwanzoni, kisha kasi hupungua mpaka inatulia. Namba yenye maana ya kulinganisha ni ile ya mwishoni, ikishatulia. Yule binti alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa nawaza kupanda tena na madumu.

Wanafunzi walimuuliza mzee kwa nini hakati matuta ya ngazi. Safari hii hakucheka. Katika milima hii neno hilo lina historia: serikali ya kikoloni ililazimisha watu kuchimba matuta hayo, na mwaka 1955 Waluguru waliyapinga hadi kukawa na ghasia. Hawakupinga kwa ukaidi tu. Kwenye udongo wenye rutuba ya juujuu, ukichimba ngazi unaifukia ile rutuba na kupanda juu ya udongo wa chini usio na kitu.

Mchana tulishuka kijitoni. Kundi moja lilipima juu ya mashamba, lingine chini. Njia ni ya zamani: unapima upana na kina kila baada ya sentimita 40 kupata eneo la mkato wa mto, kisha unarusha kitu kinachoelea na kukipigia saa kwa umbali wa mita kumi. Kundi la chini lilianza na chupa tupu ya maji, ikawa inasukumwa na upepo unaopanda bondeni. Baada ya kurusha mara mbili walibadili wakachukua chungwa. Chungwa huzama karibu lote, upepo hauligusi, rangi yake inaonekana, na likipotea hujachafua mto.

Siku ya pili: msituni

Usiku mvua ilinyesha. Sikufikiria kwamba imebadilisha jaribio. Niliwaza matope tu.

Msituni pete zilikataa. Mizizi ilikuwa kama mkeka. Vijana walipigilia kwa nyundo juu ya ubao, pete zikaingia zimeinama, na pembeni ya mojawapo ulionekana ufa ambao ungepitisha kidole. Katika dakika kumi maji yalishuka wastani wa sentimita 4.1.

Kijito kilikuwa kimepanda na kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Tuliahirisha kazi zote za kuingia majini. Badala yake tulichota sampuli kwa ndoo iliyofungwa kamba tukiwa ukingoni. Katika siku zile mbili huo ndio uamuzi ambao nisingebadili neno.

Maabara

Unyevu uliharibika kabla ya kufika. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku mwaka 2019 shule haina akiba yake, tukachukua bahasha za kaki. Karatasi ilinyonya maji ya udongo njiani. Kwenye oveni, nyuzi 105 kwa saa 24, sampuli za shamba zilitoa asilimia 13 na za msitu 14, ingawa za msitu zilichukuliwa asubuhi baada ya mvua na zilikuwa zinalowesha vidole. Tulizitupa namba hizo.

Kilichonifurahisha zaidi ni jaribio la chupa. Unaweka udongo kwenye chupa iliyonyooka, unajaza maji, unatikisa, unaacha. Mchanga hutua katika dakika ya kwanza, silti, zile chembe laini kama unga, katika saa mbili, na mfinyanzi huendelea kutua kwa siku nzima au zaidi. Unapima unene wa kila tabaka kwa rula. Udongo wa shamba ulitoa mchanga asilimia 71, silti 20, mfinyanzi 9. Kwenye pembetatu ya aina za udongo, mchoro unaotaja aina ya udongo kwa asilimia hizo tatu, hiyo ni tifutifu ya kichanga. Wanafunzi wakaandika.

Binti mmoja hakuandika. Alikuwa amechukua bumba la udongo uleule, akaulowesha, akawa anausukuma kati ya kidole gumba na cha shahada. Utepe ulitoka, ukarefuka, ukaning'inia zaidi ya sentimita tano ndipo ukakatika.

"Mwalimu, huu si mchanga. Bibi yangu anafinyanga vyungu. Mchanga haufanyi hivi."

Mkono unasema mfinyanzi, chupa inasema mchanga. Darasa liligawanyika, na ubishi ulikuwa mtamu. Daftari zao zimejaa Kiingereza, lakini ubishi wote ulikuwa wa Kiswahili, na ulikwenda mbali kuliko daftari. Mmoja akagundua jambo lililokuwa mbele yetu tangu mwanzo: maji ya chupa yalikuwa yamekwisha kung'aa nusu saa tu baada ya kutikisa. Mfinyanzi uliotawanyika vizuri huyaacha maji na ukungu kwa siku. Kama maji yameng'aa, basi mfinyanzi umetua ukiwa umejificha ndani ya kitu kingine.

Umejificha ndani ya vipunje. Udongo mwekundu kama huu una oksidi za chuma zinazogandisha chembe za mfinyanzi kuwa vipunje vigumu vya ukubwa wa mchanga. Kuvitikisa kwenye maji matupu hakuvivunji. Mwalimu wa kemia alitupatia sodiamu heksametafosfeti, dawa inayotenganisha chembe hizo. Tuliloweka udongo usiku kucha katika mmumunyo wake, tukatikisa upya. Safari hii maji yalibaki mekundu siku mbili. Mchanga ukawa 38, silti 17, mfinyanzi 45. Mkono wa mjukuu wa mfinyanzi wa vyungu ulikuwa sahihi.

Namba hizo nazo si za kuapia, kwa kuwa tabaka la mfinyanzi huvimba majini na rula hulipima nene kuliko lilivyo. Lakini mkono na chupa sasa vinakubaliana kwamba mfinyanzi ni mwingi.

Tope la mto nalo lilituchezea. Tulichuja lita moja ya maji ya siku ya kwanza, tukakausha karatasi, tukapima: gramu 0.0. Kundi moja likaandika kwamba kijito hakina tope kabisa. Mizani yetu inasoma hadi gramu 0.1, kwa hiyo sifuri hiyo ilikuwa ya mizani na si ya mto. Maji ya baada ya mvua yalisoma gramu 1.9 kwa lita, na hiyo mizani yetu iliiweza.

Ripoti za kwanza

Makundi saba, ripoti saba. Kasi za dakika kumi ziligeuzwa kuwa za saa: shamba milimita 672, msitu milimita 246. Shamba linakunywa maji karibu mara tatu ya msitu.

Makundi sita yaliziandika namba hizo kama zilivyo. Kisha katika hitimisho, yote sita yakaandika kwamba matokeo yamethibitisha kuwa msitu hupitisha maji zaidi kuliko shamba. Walinakili hitimisho la kitabu chini ya jedwali linalolikana.

Ripoti ya saba ilikuwa safi: msitu 672, shamba 246. Nilifungua daftari lao la fildi. Kwa penseli, kwa mwandiko uleule, lilisema kinyume.

"Mwalimu, tulijua tumekosea kuandika majina ya sehemu, tukarekebisha."

"Mlikosea lini?"

Kimya. Kisha mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba isingewezekana shamba lishinde.

Na mto? Kundi la juu lilitoa lita 151 kwa sekunde, la chini 118. Kwa ripoti zao, lita 33 kwa sekunde zilikuwa zimepotea njiani, katika kijito kinachoteremka mlima.

Uamuzi

Mwenzangu alitaka tuifunge kazi hapo. Alikuwa na hoja: mtihani wa muhula unakaribia, nauli ya Coaster imekwisha, na wanafunzi wameshaona pete na chungwa. Tuandike kwamba kulikuwa na makosa ya upimaji, tuendelee. Tulibishana ofisini mpaka kengele ya chakula.

Mambo matatu yalinifanya nikatae. La kwanza, "makosa ya upimaji" si maelezo mpaka useme kosa gani, na lingesukuma namba upande gani. La pili, kundi la saba halikuwa na ugonjwa tofauti na yale sita. Wote walimwamini mwandishi wa kitabu kuliko macho yao, ila la saba lilikwenda hatua moja mbele. Kuwaadhibu wao na kuyapa alama yale sita kungekuwa kuadhibu unadhifu. La tatu, mimi mwenyewe sikujua jibu.

Kwa hiyo hatukumwadhibu mtu. Tuliandika namba zote ubaoni, za penseli, na swali moja: kitu gani kingeweza kuleta namba hizi, na kama ni hicho, tungeona nini kingine? Vipindi viwili viliisha hapo. Walitaja mvua ya usiku, jembe la mzee, ufa wa pembeni ya pete, na dakika kumi. Wa ufa wakajikwaa wenyewe: ufa ungeongeza kasi ya msitu, usingeipunguza, kwa hiyo msitu halisi ungekuwa chini zaidi ya 246. Hoja hiyo ilipendeza kuliko ripoti yoyote waliyoniandikia.

Mto ulitatuliwa palepale darasani. Maji ya juu ya mto hukimbia kuliko ya chini yanayosugua mawe, ndiyo maana kasi ya chungwa huzidishwa kwa takriban 0.85 kupata wastani wa mto mzima. Kundi la chini lilizidisha. La juu lilisahau: eneo la mita za mraba 0.344, mara mita 0.44 kwa sekunde, wakaishia hapo. Ukizidisha kwa 0.85, lita 151 zinakuwa 129. Upotevu wa lita 33 ukashuka hadi 11. Kati ya vituo viwili kuna mipira ya kumwagilia mboga, na vijana walitaka kuitwika hizo 11. Nikawaonyesha muda wa kurusha chungwa wa kundi la juu: mfupi sekunde 19.8, mrefu 26.1. Mpimo unaoyumba hivyo hauwezi kuapa juu ya tofauti ya asilimia tisa. Tukaandika: hatuwezi kusema.

Kwa upande wa shamba, nilimpigia mzee simu kuomba turudi. Alisema kitu ambacho kingetupunguzia wiki mbili kama tungemuuliza siku ile ya kwanza:

"Ninyi mlipima jembe langu. Njooni masika yakishalipiga shamba."

Kurudi

Tulirudi baada ya wiki tatu, mvua zikiwa zimekolea. Fundi alituongezea pete tatu, zikawa sita. Safari hii hesabu ya maji ilifanyika kabla, na bodaboda wawili walituletea madumu kumi hadi chini ya shamba. Shamba na msitu vilipimwa siku moja, saa moja, pete tatu kila upande, kwa dakika 60, na tulilinganisha dakika kumi za mwisho tu. Pete zilikaguliwa kwa pima maji, kile kifaa cha fundi cha kuonyesha kama kitu kimelala sawa. Msituni, kabla ya kupigilia, mizizi midogo ilikatwa kwa kisu kuzunguka ukingo.

Pete moja peke yake huongopa kidogo, kwa sababu maji yakishapita ukingo wa chini husambaa kando. Dawa ni pete kubwa ya pili ya kuzunguka. Hatukuwa nayo. Vijana walijenga tuta la tope kuzunguka kila pete na kulijaza maji, kibwawa kidogo kinacholowesha pembeni ili maji ya ndani yashuke wima. Lilivuja mara mbili, likazibwa kwa majani na udongo.

Mwishoni, maji yakiwa yamebaki dumu moja, kijana mmoja aliuliza kama tunaweza kuweka pete njiani, kwenye kijia cha miguu kinachokata shamba. Hakikuwa kwenye mpango. Tukaweka.

Matokeo

Msitu: milimita 120, 144 na 186 kwa saa. Shamba: 30, 36 na 84. Kijia: 6, ingawa kwa uaminifu tungeandika "chini ya 12", maana katika dakika kumi maji yalishuka milimita moja, na rula haioni chini ya hapo.

Ile pete ya shamba iliyotoa 84 ilikuwa imekaa juu ya mashimo ya mchwa. Tuliiacha kwenye jedwali.

Shambani, kati ya miche ya mahindi, wanafunzi waliinua kwa ncha ya kisu ganda jembamba la udongo, kama utando wa uji uliopoa. Halikuwa kila mahali, lilikuwa pale ambapo matone yalipiga ardhi tupu. Matone yamevunja sehemu ya vipunje, chembe ndogo zimeziba matundu. Kwa hiyo namba 672 ya siku ya kwanza haikuwa ya uongo. Ilikuwa namba ya kweli ya kitu kingine: dakika kumi za kwanza za udongo mkavu uliotifuliwa juzi.

Tulipokuwa tunafunga vifaa mvua ilianza. Maji mekundu ya kwanza kuonekana mlimani yalikuwa yanateremka kwenye kijia.

Uchambuzi

Kosa kubwa lilikuwa ratiba, na ni langu. Nilipoweka shamba siku moja na msitu siku nyingine, nilifunga pamoja vitu viwili: aina ya ardhi na hali ya hewa. Baada ya mvua ile hakuna hesabu ambayo ingevitenganisha. Pete tatu zilizogawanywa vibaya bado zingetufaa kuliko pete tatu zilizokaa zote upande mmoja.

Hali ya shamba nayo ni kipimo. Tuliandika "shamba" kana kwamba ni kitu kimoja mwaka mzima. Shamba lililolimwa juzi, lenye miche, lililovunwa na kukanyagwa na mbuzi ni ardhi tatu tofauti, na mzee alilijua hilo bila pete. Tulimwomba ruhusa, tukamsalimia vizuri, tukasahau kwamba yeye ndiye aliyekuwa na kumbukumbu ndefu kuliko wote pale. Sasa kwenye fomu ya fildi kuna mstari: limelimwa lini, mvua ya mwisho lini, nani amesema.

Maabara na fildi vilikutana mahali ambapo sikutarajia. Udongo wenye mfinyanzi asilimia 45 ungetegemewa kunywa kwa shida, milimita chache kwa saa. Shamba, kwa namba ya kati ya pete zake tatu, lilikunywa 36, hata baada ya mvua za wiki tatu. Sababu ni vipunje vilevile vilivyotudanganya kwenye chupa: mfinyanzi uliogandana hujiendesha kama mchanga na kuacha matundu. Jaribio la kwanza la chupa, lile "lililoshindikana", kwa kweli lilipima jinsi udongo unavyokaa shambani. La pili lilipima umetengenezwa na nini. Unayahitaji yote mawili, na ni kosa kulitupa la kwanza. Kwenye kijia miguu imevunja vipunje na kuvishindilia, na udongo uleule ukashuka hadi 6.

Hapo ndipo swali letu la mwanzo linapoonekana lilivyokuwa finyu. Mvua kubwa ya masika inaweza kushusha milimita 50 kwa saa kwa muda mfupi. Msitu wa 144 unaimeza yote. Shamba la 36 linaacha sehemu. Kijia kinakataa hata manyunyu, na kinaelekea moja kwa moja kijitoni. Tulikwenda kumshtaki mkulima au kumtetea, kumbe sehemu inayotiririsha kwanza ni ile ambayo sisi wenyewe tuliipanda na madumu. Ushahidi wetu hapo ni pete moja tu, na nimewakataza wanafunzi kuandika zaidi ya hayo.

Kilichofanya kazi tangu mwanzo ni penseli na madaftari kulala kwangu. Bila hivyo ripoti ya saba ingekuwa ndiyo bora darasani. Kundi hilo ndilo lililojenga matuta ya tope, na binti wa kundi hilo ndiye aliyekuwa anasoma saa kwenye pete ya kijia.

Ambacho bado kimeharibika ni unyevu. Mara ya pili tulitumia makopo ya maziwa ya unga yenye vifuniko, umeme ukakatika usiku, na hatukujua oveni ilizima kwa muda gani. Tulirudia kukausha na kupima hadi uzito ukaacha kushuka, lakini sampuli mbili zilikuwa zimemwagika kwenye kuzihamisha. Namba tunazo, sizitumii.

Kidato cha tano kinachofuata kitapima shamba lilelile mara nne, kutoka kulima hadi kuvuna, na kijia kitapata pete tatu. Mzee amekubali. Sharti lake ni kwamba maji tuchote chini ya anapochota yeye, kwa sababu mara ya mwisho tulimtibulia.